Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: josho, madeni, na mzee wetu wa redio

Mbukwenyi ndugu wafugaji wanachama. Taarifa imechelewa najua, katibu kanipigia simu mpaka kachoka, ila kila nikikaa naanza na mahesabu ya josho letu la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe halafu najikuta naandika habari za mzee wetu marehemu, basi bora nianze na yeye moja kwa moja. Jina silitaji, familia imeomba hivyo na mwenyewe asingependa, wote hapa Kongwa mnajua ni nani.

Mzee alikuwa mwanachama tangu chama kinaanza na sidhani kama kuna mtu alimsikia akiongea mkutanoni zaidi ya mara mbili. Anakaa nyuma karibu na mlango, akishasaini anaondoka kabla ya soda. Kwake nako huingii hivi hivi, unapiga hodi getini unasubiri, na redio unaisikia kabla hujaona ng'ombe hata mmoja. Enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, alikuwa anaanika betri za National juani zipate nguvu kidogo asije akakosa muziki wa jioni, baadaye zikaja kaseti, juzi juzi wajukuu wakamwekea flashi. Na zeze alikuwa anapiga, hili wengi hamlijui, ila usiku tu akishafunga zizi, na akisikia hatua za mgeni anaacha.

Sasa madaftari. Baada ya arobaini mama, mjane wake, alituita mimi na katibu akafungua sanduku la bati, limejaa madaftari ya mifugo. Kila ng'ombe na mstari wake, kazaliwa lini, mama nani, dume lipi, kaugua nini, kauzwa mnada gani. Na majina yote ni ya bendi! Kuna ukoo ulianza na jike anaitwa NUTA, si mnaikumbuka bendi ile ya chama cha wafanyakazi iliyoanza 1964, basi bendi ilipogeuka Juwata na yeye ndama wa ukoo ule akaitwa Juwata, ikaja Ottu, ikaja Msondo, mzee anafuata tu nyuma nyuma. Nilicheka mbele ya mjane, nikaona aibu, kumbe naye anacheka. Kuna ukurasa wa madume mawili, Msondo na Sikinde, majina ya bendi mbili mahasimu, pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu wasilale zizi moja. Kumbe ugomvi wa hao madume ndo uliangusha fensi yangu ya upande wa korongoni, mi miaka yote nasema fisi.

Wengi ni ng'ombe wa Mpwapwa, hawa waliotengenezwa hapo jirani kwenye kituo kwa kuchanganya damu ya Sahiwal na Sindhi na zebu wetu wa kienyeji, wanatoa maziwa na nyama ipo. Sisi wengine tulikimbilia ng'ombe wa kizungu, na kiangazi cha huku mnakijua, mwezi wa 5 mpaka wa 11 hakuna tone, mzee yeye keshagawa eneo lake vipande, huku wanakula kule panapumzika, na nyasi kakata kaweka mapema.

Halafu nikafika ukurasa ulioniuma. Mnakumbuka ndama waliotufia na ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mwaka huu, tukalaumu mvua, tukalaumu wachungaji, kikao kizima tukagombana. Mzee kaandika siku ile ile ya kuogesha: kupe hawajafa, dawa nyepesi. Wiki iliyofuata hakuleta ng'ombe wake joshoni, akawapulizia kwake kwa bomba la mgongoni. Alijua! Nilikasirika sana, naandika ukweli, nikasema huyu mzee angefungua mdomo tu tungeokoa ndama wangapi. Mama akanijibu taratibu, mwanangu, mlimuuliza? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Muuzaji wa ile dawa simtaji ila hatununui kwake tena, na kamati ya josho imepewa kazi ya kuhesabu kupe siku ya pili baada ya kuogesha na kuandika, siyo kusimulia.

Kuhusu mazishi, mliofika mliona, hakukuwa na spika, alikataza mwenyewe. Msichokiona ni jioni yake, ng'ombe waligoma kuachia maziwa, kijana anavuta mpaka vidole vinakufa ganzi hakuna kitu, mjukuu mmoja akaenda ndani akaleta redio akaitundika kwenye nguzo yake ya siku zote. Wakaachia. Msiba ukiwa bado umejaa uani, watu wakatazamana hakuna aliyesema kitu.

Kuna ndama jike wa ukoo wa NUTA kazaliwa baada ya mzee kuondoka, mstari wake upo, jina bado. Wajukuu wanataka jina la bongofleva, mama kakataa katakata.

Mapato na matumizi yamebandikwa ukutani ofisini, mweka hazina atajibu maswali. Anayetaka kunakili namna mzee alivyokuwa anapanga daftari aje kwa katibu Jumamosi na kalamu yake, daftari halitoki nje. Wenye madeni ya josho mlipe kabla ya mvua, na mimi nimo kwenye orodha, nitalipa.