Baba, Neema si mvivu

Houston, Jumapili usiku

Shikamoo Baba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Ya bati nimeyaelewa, mshahara ukiingia natuma. La Neema kutaka kuacha ualimu ndilo limeninyima usingizi.

Unasema walimu wa siku hizi hawana wito, kwamba wewe UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1977 ulifundisha watoto wamekaa mpaka madirishani na hukulalamika. Kweli. Lakini Baba, wewe mtendaji alikuwa anakuamkia! Wazazi walikuletea mahindi. Neema wazazi wanamfuata darasani kumfokea mbele ya watoto. Ana watoto 137 darasa la pili, wakati mwongozo unasema 45. Madaftari anasahihisha usiku kwa tochi ya simu, asubuhi wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wanataka andalio la somo. Mshahara ukifika, bodi ya mikopo imeshakata asilimia 15, chama cha walimu asilimia 2, na bado benki, mkopo ule uliojenga choo cha ndani hapo kwenu. Tusijisahaulishe.

Watoto hajawachoka. Juzi kanipigia anacheka, kuna kitoto kimesoma neno "ndizi" peke yake. Amechoka hayo mengine yote. Ndiyo maana anataka akauze vitenge Kibaigwa, na Kaka Mussa anamwita mvivu kwenye grupu la familia. Mussa huyo huyo ambaye wanawe ada wanalipiwa na nani?

Mimi sijambo. Huku nilikuwa nafundisha wanafunzi 24, kila mmoja na kompyuta yake, na kabla ya kufunga shule mkuu alinisimamisha mbele ya watu kwa matokeo ya hesabu. Picha nimetuma, mwonyeshe Mwalimu Chande, yule aliyesema hesabu nitaisikia redioni. Ila na huku walimu wanaacha kazi. Wawili wa kwetu waliondoka kabla ya Krismasi, vipindi vyao tukagawana. Kuna asubuhi nilikuwa nakaa garini dakika kumi ndipo nashuka. Mama asilisikie hilo, akiuliza mwambie ni foleni tu. Viza ni ya miaka 3, wa pili huo umeisha.

Neema nimemtumia laki tatu. Siyo mtaji wa vitenge. Ni nauli, aende mwenyewe kufuatilia uhamisho anaouomba mwaka wa nne sasa, na likizo hii apumzike, msimpeleke kuvuna. Akija usianze na wito, Baba. Muulize habari za kile kitoto cha ndizi.

Mlenda mmeshakausha? Nifungieni kidogo. Kijana wa Mama Mdogo anakuja Oktoba, atanibebea.

Mwanao.