Dada, msomee Mama polepole

Leicester, Uingereza

Mama shikamoo. Mbukwenyi wote hapo nyumbani. Dada, vaa miwani kabisa, mwandiko wangu safari hii umelala kwa sababu naandikia kitandani.

Ujumbe wa Baba Mdogo niliupata Jumanne. Mwanzo kanipa pole ya ugonjwa, hapo hapo kaingia kwenye nguzo na waya za shamba la zabibu la Hombolo. Hata nukta hakuweka katikati. Nitamjibu huko chini, kwanza nimalizane na maneno ya mtaani. Nasikia hapo Chang'ombe, Dodoma, imeshakuwa kwamba nimetolewa matumbo yote na ninaishi kwa mashine, na mwingine kasema nimetupiwa kitu kwa sababu ya kiwanja cha Nala. Basi nisikieni mwenyewe.

Ule utumbo mpana uliokuwa na vidonda, mnakumbuka nilivyokuwa nakonda hata kabla sijaondoka, dawa zilishindwa. Wameuondoa karibu wote. Mwisho wa utumbo mwembamba wakautoa nje, upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. Choo kinatokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Hapo panaitwa stoma. Ni pekundu, pabichi muda wote, kama ndani ya mdomo wako wa chini. Mama, penyewe hapaumi. Hata nikipagusa na kitambaa sisikii kitu. Kinachouma ni mshono, na ngozi ya pembeni.

Siku za kwanza tuziache.

Ngozi ndiyo ilinitoa machozi. Stoma ikitoka kwenye upasuaji inakuwa imevimba, halafu inanywea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo cha wiki jana si cha wiki hii. Mimi nikakata tundu la kibandiko cha mfuko kwa kipimo cha zamani. Likawa kubwa, choo kikapenya chini yake usiku. Choo hiki si kama kile mnachokijua, ni majimaji, na bado kina ule ukali wa kusaga chakula, kwa hiyo kikikaa kwenye ngozi kinaila. Saa tisa usiku niliwaka kama nimepakwa pilipili kwenye mchubuko. Nilikaa ukingoni mwa bafu nikamwita Mama kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa njooni mnione leo. Napima kwanza, nakata nikiacha nafasi ya milimita 2 tu, naosha kwa maji ya uvuguvugu matupu, nakausha kwa kugusagusa, kibandiko nakibana kwapani kipate joto ndipo kishike vizuri. Dakika 12! Mfuko ukifika nusu nimeshaumwaga, siusubiri ujae ukaanza kuvuta. Nesi wa stoma alipoona ngozi yangu alimwita mwenzake aje aangalie. Nikamwambia babu yangu alikuwa fundi cherehani Majengo, mkasi kwetu ni urithi.

Kikohozi nimeshakipatia dawa: nakumbatia mto, naubana tumboni, ndipo nakohoa. Kuamka nageukia ubavu kwanza, najisukuma na kiwiko. Paracetamol nameza kwa saa zake nilizopangiwa, sisubiri maumivu yapande, maana yakishapanda kuyashusha ni kazi. Kicheko ndicho bado kinanishinda. Dada, ile sauti ya jogoo wa jirani usinitumie tena, nilifikiri nyuzi zimekatika.

Kuna kitu kimoja cha ajabu. Mara nyingine nabanwa haja kama zamani, kabisa, nakimbia chooni nakaa. Hakuna kitu. Nesi anasema kipande cha mwisho kilichobaki bado kinakumbuka kazi yake, nikae tu kidogo, hisia itapita. Huwa nakaa nikiwaza nyumbani.

Chakula ni kutafuna hadi taya zichoke. Karanga nzima marufuku kwa sasa, ila za kusagwa laini ruksa, hata zinasaidia kukaza choo. Maji matupu mengi nayo hayafai, nakunywa ya kuchanganya na chumvi na sukari, yale yale Mama uliyokuwa ukitunywesha tukiharisha. Halafu yule nesi akasema na zabibu niache kwanza, maganda yake yanaweza kuziba. Mtu wa Dodoma!

Tukifika kwenye zabibu, Dada, kama Baba Mdogo yuko hapo sebuleni ruka aya hii, au usiruke, sijali. Miche ya Hombolo nililipia mimi. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka na sijawahi kusikia hata kreti moja limeitwa langu. Nala ndiyo usiseme. Tangu serikali ianze kuhamia huko 2016 kila mtu kawa dalali, na yeye wa kwanza: nusu ya kiwanja cha marehemu Baba imekwenda bila kikao, nikaja kujua kwa picha ya msingi wa nyumba ya watu. Waya mwezi huu haitoki kwangu. Sijaingia kazini na malipo ya ugonjwa ni ya kodi ya nyumba tu. Na hata yangekuwepo, kwanza aniletee hesabu.

Ya Mama ya dawa za presha nimetuma jana, Dada angalia simu yako.

Nimeona picha zenu kwenye treni ya umeme, Mama na kitenge kipya dirishani. Nimeikuza ile picha hadi ikapoteza sura.

Mtoto wa Shangazi anarudi huku mwezi ujao. Mpeni mlenda mkavu, ule wa unga, mfungeni vizuri usimwagike kwenye begi lake. Nesi anakuja Alhamisi, nitamuuliza kama naruhusiwa. Akikataa nitaunusa.

Mwanenu,
wa mwisho