Uzoefu hauzuii ulevi wa kina

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka na miaka nikinyamaza, lakini ile habari yenu ya wapiga mbizi imenishinda. Eti mzamiaji mzoefu halewi chini ya maji, yaani hapatwi na ule ulevi wa akili unaoletwa na hewa anayoivuta kwenye kina kirefu, bila tone la pombe. Nani kamwambia mwandishi wako?

Nilifanya kazi ya kuzamia miaka 19. Siku moja nilikuwa mita 42 chini, navuta hewa ya kawaida, kazi yenyewe kukaza nati nne tu. Nne! Nikakaza tatu, moja nikaihesabu mara mbili, nikamwashiria mwenzangu kuwa tumemaliza. Nikasoma geji ya hewa, nikaridhika, punde tu sikumbuki imesema nini. Nikaisoma tena, nikaridhika tena. Vidole vilishakufa ganzi kwa baridi, spana ikaniponyoka, nami nikacheka. Hofu sikuwa nayo hata chembe, na hapo ndipo penye balaa: nilijiona hodari kuliko siku zote. Tulipopanda kufika mita 20 hivi akili ikarudi, ikaja na aibu yake. Kwenye mita 40 shinikizo ni mara tano ya lile la juu ya maji, na nitrojeni hii tunayoivuta kila siku hugeuka kileo. Ukihangaika ukahema ovyo, kaboni dayoksaidi hujilimbikiza, ulevi ukazidi. Anachozoea mzoefu ni kujiona mzima; hesabu zinakosewa vilevile. Kama uzoefu ungetosha, wanaokwenda chini zaidi wasingepunguziwa nitrojeni na kutiliwa heliamu, ambayo nayo, mtu akishushwa haraka kupita mita 150 hivi, humtetemesha mikono.

Na maadamu kalamu ninayo: acheni kuandika "mitungi ya oksijeni" chini ya kila picha ya mzamiaji. Ni hewa iliyoshindiliwa! Oksijeni tupu ukiivuta mita 20 chini inaweza kukutia degedege, na degedege ndani ya maji ni kifo. Hili nalo linahitaji miaka 19?

Dawa ninayo. Mwandishi wako aingizwe kwenye chemba ya shinikizo, chumba kinachoshindiliwa hewa mpaka shinikizo liwe kama la chini ya maji, daktari akiwapo, ashushwe hadi kiwango cha mita 40, apewe hesabu 25 za kutoa za darasa la tatu kwa dakika tano. Majibu yachapwe ukurasa wa kwanza bila kusahihishwa. Penseli nitanunua mimi.

Mzamiaji mstaafu