Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya urubani,

Ya fedha nitayapita haraka: hesabu zimekaguliwa, nakala ziko kwa mhazini, na wanaodaiwa ada wanajijua.

Tarehe 5 Machi asubuhi, Cessna 172, ndege ndogo iliyokuwa kwenye mafunzo, iligongana angani na Dash 8, ndege kubwa zaidi ya abiria iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kuelekea Diani. Dash 8, ikiwa na watu 44, ilirudi na kutua salama. Cessna iliangukia ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, mkufunzi na mwanafunzi wake wakafariki. Kwa jamaa zao tunasema tena, poleni sana.

Chanzo ni kazi ya wachunguzi wa serikali. Walioanza kuhukumu marubani na waongozaji ndege kwenye WhatsApp nawaomba wakome. Hata kanuni za kimataifa zinasema uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kumtafuta wa kulaumiwa.

Lakini yetu ya kufundisha tunayajua. Mabawa ya Cessna 172 yako juu ya kichwa. Ukiilaza kushoto, bawa la kushoto linaziba palepale unapoelekea, na mkufunzi aliyekaa kulia hapaoni vizuri kukuzidi. Kwa hiyo inua bawa kwanza, tazama, sema kwa sauti ulichokiona, ndipo ukate kona. Gumu zaidi kumweleza mwanafunzi ni hili: ndege itakayokugonga haisogei kiooni. Inakaa palepale kama alama ya mdudu, kisha inajaa ghafla. Jicho nalo hukimbilia kinachosogea.

Wapo wanaotaka mafunzo yaondolewe Wilson kabisa. Sikubaliani nao. Rubani atakayefanya kazi Wilson lazima ajifunze Wilson, pamoja na kelele zote za redio na ule uzito wa injini kuvuta kwenye futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari. Ninachokiona hakina maana ni kumzungusha mwanafunzi kwenye saketi, yaani kuruka, kuzunguka uwanja na kutua tena na tena, saa ambazo ndege za abiria za asubuhi zinafuatana kuondoka. Kamati inapendekeza wanachama wetu wasifanye saketi saa hizo, ijapokuwa najua wakufunzi wanaolipwa kwa saa wataumia.

Pendekezo litapigiwa kura baada ya chai. Wanaolipinga watasema kwanza.