Wajukuu, babu yenu msimtafute kwa ngumi pekee

Kwenu wajukuu wa nyumba yetu, wa Umoja, wa Kayole, na nyinyi wa Dubai mnaouliza maswali saa nane usiku.

Nimesikia mnaandika historia ya familia, mnataka kujua hii damu ya ngumi ilitoka wapi. Ni vizuri sana. Lakini mimi ndiye nilikuwa nambebea babu yenu ndoo na taulo kwa kona, kwa hivyo nisikizeni kidogo kabla hamjaharibu.

Kwanza hayo maneno ya Montreal toeni. Ati babu alipigania Kenya Olimpiki ya 1976. Montreal Kenya haikupigana, nchi nyingi za Afrika ziligoma sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza na makaburu, na 1980 Moscow pia hatukuenda. Wa Munich 1972 wanajulikana, Waruinge fedha, Mbugua na Murunga shaba, na babu yenu hakuwahi kusema yeye ni mmoja wao. Alikuwa bondia wa kilabu, leo anashinda Kaloleni, wiki ijayo anachapwa, Jumatatu asubuhi yuko kazini jicho limefura. Mkiweka hiyo ya Montreal, mtu akigundua ni uongo hata ile ya kweli ataita porojo.

Na hapo kwa kazi ndipo mngeanzia. Siku hizo ngumi na kazi zilikuwa zinatembea pamoja, reli, polisi, magereza, jeshi, watu wa bia, wote walikuwa na mabondia wao, kijana akionekana ana mkono anaandikwa. Gazeti lilikuwa linafuata mabingwa, huyu wetu mtampata kwa karatasi ya mshahara. Anzieni Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja pazia katikati, glavu zinaning'inia kwa kamba pamoja na nepi zenu, sorry, za wazazi wenu.

Kazi yake ilikuwa kuosha boila za treni za mvuke huko loko, karakana ya vichwa vya treni. Boila inafunguliwa vifuniko, inapigwa maji ya presha itoe ule uchafu umeganda ndani, na joto bado liko. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama soli. Siku ya pambano shosho yenu ndiye alikuwa anamfunga mikono, na vitambaa vya gunia la unga amefua akakata marefu, anaanzia kwa kifundo, anapitisha katikati ya vidole, anamwambia kunja, asipokunja vizuri anafungua yote anaanza upya na huku nje watu wanaita twende tumechelewa. Hakuna trena aliwahi kumfunga hivyo. Na kwa hiyo karatasi yenu nimeona shosho amepata mstari mmoja, "alikuwa mke wake". Aibu.

Sasa huyo msimtafute kwa vitambulisho vya zamani, usajili haukuwa wa wanawake mpaka 1978. Nendeni kwa vitabu vya ubatizo na ndoa vya kanisa, ulizeni na wale kina mama waliuza naye mboga. Baba yetu, yaani babu mkubwa wenu, yeye alikuwa na kipande, kitambulisho cha kazi cha wakati wa mkoloni, kile alivaa shingoni kwa kikebe, kinaonyesha aliandikwa na nani na alilipwa ngapi, kwa hivyo kabla ya kulilia picha ulizeni ni nani alibaki na sanduku lake.

Mkienda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, hiyo nyumba ya zamani ya Bank of India, msiulize Kenya Railways tu. Mpaka 1969 mwajiri alikuwa East African Railways and Harbours, Kenya Railways ilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Tafuteni na majina yake yote, la ubatizo, la baba, na lile la ulingoni, karani alikuwa anaandika alivyosikia. Hata Wangila mwenyewe, yule bondia wa dhahabu ya Olimpiki, kuna mahali ni Robert Wangila na mahali pengine ni Napunyi Wangila. Mimi nilienda ofisi moja, nikaambiwa rudi kesho mara tatu, mara ya nne ati faili ziliingia maji, kwa hivyo bebeni chakula na msiende Ijumaa.

Vichapo pia viandikwe, alipigwa mara nyingi kuliko mnavyopenda. Na andikeni baba yenu mkubwa aliachaje ngumi. 1988 Wangila alichukua dhahabu Seoul na kila kijana wa Eastlands akawa Wangila, baba yenu mkubwa akawa wa kwanza, alikuwa na kasi kuliko baba yake, nasema ukweli. Alafu 1994 Wangila akafa Las Vegas baada ya pambano. Tulisikia kwa redio. Shosho yenu alizima jiko, akatoa zile glavu chini ya kitanda, akaenda kuzipeana kwa jirani, na hakuna mtu aliuliza kitu siku hiyo wala baadaye.

Kuna kibati cha shaba cha kazi, chenye namba ya babu, kiko kwangu. Kujeni Jumamosi na simu zimejaa chaji, namba mtaisoma wenyewe, macho yangu saa hii hayaioni.

Babu yenu mdogo