Wasio na makazi wapewe hati kwanza

Mhariri,

Barazani kwetu hapa Lindi tumejadili habari za Dignity Village, kijiji cha watu wasio na makazi mjini Portland, Marekani, ambao mwishoni mwa mwaka 2000 walipiga mahema pamoja, wakahamahama, na mwaka 2001 wakafikia eneo la jiji karibu na uwanja wa ndege, ambako wamejijengea vijumba na wanajiongoza kwa kura zao wenyewe.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ardhi yenyewe imebaki kuwa ya jiji. Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa hata kwa kikundi cha watu. Miti, udongo na makuti tunavyo, na kusaidiana kujenga si jambo geni, ingawa siku hizi wengi huwahi ubwabwa kuliko kukandika.

Kwa hiyo, familia zinazobomolewa nyumba na mafuriko mabondeni zisiishie kulazwa madarasani, bali vijiji vyenye ardhi ya akiba kwenye miinuko vizipatie hati, kisha zijenge zenyewe kwa pamoja.

Msomaji wako,
Lindi