Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stendi za Shabaha na Hali ya Chama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha kulenga shabaha, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliokwisha. Mazoezi ya kila mwezi yalifanyika, isipokuwa wakati wa masika barabara ya kuingia uwanjani ilipokuwa haipitiki, mafunzo ya usalama kwa wanachama wapya yalitolewa, mlinzi alilipwa, na kila mmoja wetu alikumbushwa wajibu wake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Haya mnayafahamu, na sioni sababu ya kuyarefusha.

Lililozua maneno mengi ni stendi mpya za shabaha, yaani fremu za kushikilia karatasi tunazolenga, na kwa bahati mbaya maneno hayo yametoka zaidi kwa watu ambao hawajafika uwanjani kuziona. Imedaiwa kwamba Mwenyekiti alichukua fedha za paa la kibanda akanunulia miti ya mkonge. Naomba nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa halijawahi kuelezwa likasikilizwa hadi mwisho.

Bunduki ya risasi moja hutoboa tundu moja kwenye karatasi na stendi ikabaki salama. Bunduki ya marisau, inayorusha chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, haiko hivyo. Risasi yake yenye gramu 28 za chembe za ukubwa wa namba 7½ hubeba takriban chembe 350, nasi tunapopima mtawanyiko kwa umbali wa mita 36 na nusu, tunahesabu zile tu zilizoingia ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 76. Mtutu wenye choki (mbano wa mdomo wa mtutu unaokusanya chembe pamoja) iliyobana kabisa hutarajiwa kuingiza asilimia 70 hivi, na mtutu usio na choki asilimia 40 tu. Zinazobaki huangukia nje ya duara, na nje ya duara ndiko zilikosimama nguzo za stendi. Ndiyo maana mbao zetu za zamani za inchi mbili kwa mbili zililiwa kila msimu hadi zikabaki kama vijiti, na kila mara lawama zilimwendea fundi seremala, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Katika mkutano uliopita, baadhi ya wajumbe walipendekeza stendi za chuma kitupu, na makisio ya fundi wa kuchomelea yalikuwa shilingi 2,900,000. Nilipinga, na ninaendelea kupinga, kwa sababu mbili. Kwanza, chembe ya risasi ikigonga chuma bapa kilichosimama wima inaweza kurudi ilikotoka, na bomba la mviringo huirusha upande usioweza kuukadiria. Wapo wanaokumbuka siku ile sahani ya zamani ya chuma ilipowekwa karibu mno, chembe ikarudi na kugonga ukingo wa kofia ya mwanachama mwenzetu. Miwani ya kinga ndiyo iliyotupa ujasiri wa kulicheka tukio hilo baadaye. Pili, sote tunajua chuma kikilala porini usiku kinaishia wapi. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi kimetoka uwanja gani.

Matairi ya zamani nayo yalipendekezwa, tena kwa sauti kubwa. Mpira wa tairi ukipigwa kwa karibu huirudisha chembe, na ndani yake mna waya za chuma. Nililikataa wazo hilo papo hapo.

Mchoro uliotumika niliuchora mimi mwenyewe, na Katibu ni shahidi. Kila stendi ina soketi mbili fupi za chuma cha pembe zilizozamishwa kwenye zege hadi kuwa chini ya usawa wa ardhi, na mbele yake kuna tuta dogo la udongo, hivyo hakuna chuma kinachoonekana kutoka alipo mpigaji, wala hakuna cha kung'oa bila sururu. Ndani ya soketi huchomekwa milingoti ya mkonge, yaani mabua marefu ya maua yake, iliyokauka vizuri, ikiachana mita moja na nusu ili sehemu kubwa ya mtawanyiko ipite katikati, kisha hukazwa kwa kabari. Juu na chini hupita kamba, na kwenye kamba hufungwa ubao wa maboksi yaliyopasuliwa na kugandishwa pamoja, ambao juu yake hubandikwa karatasi kwa gundi ya uji wa unga wa muhogo. Gundi hiyo hukauka kwa muda mfupi juani na haiachi karatasi ipepee, na karatasi inayopepea haikupi hesabu ya kuaminika.

Wapo waliosema mkonge ni mti wa kujengea banda la kuku. Mmea huu umeulisha mkoa wetu wa Tanga tangu 1893, nao hutoa mlingoti mara moja tu kisha hufa, kwa hiyo kwenye mashamba milingoti hiyo ipo tele na bei yake ni ndogo. Ndani yake ni laini kama sponji: chembe hupenya au hubaki humo humo, mlingoti haupasuki vipande, na ukichoka unachomolewa na kuingizwa mwingine pasipo kugusa zege. Kilichotakiwa kudumu ni kile kilichomo ardhini. Kinachopigwa kimekusudiwa kubadilishwa, na hili ndilo ambalo wapinzani wangu hawakutaka kulielewa.

Kuhusu fedha: mapato ya ada yalikuwa shilingi 3,480,000 na ya wageni 640,000, jumla 4,120,000. Stendi ziligharimu 1,860,000, kodi ya uwanja 1,200,000, mlinzi 720,000 na mengineyo 215,000, jumla 3,995,000. Salio ni 125,000. Paa la kibanda halikujengwa, ni kweli. Lakini kibanda bila stendi ni mahali pa kunywea chai.

Aidha, salio hilo lisingekuwa dogo kiasi hicho kama ada ingelipwa. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwaka, nasi tuko wanachama 64. Waliolipa ni 29. Wasiolipa 35 wanadaiwa shilingi 4,200,000, fedha zinazotosha paa, stendi na kuchonga barabara. Inasikitisha kwamba kati ya wanaolalamikia matumizi, wengi wako upande huo wa orodha. Mhazini amewapigia simu, amewaandikia ujumbe, na wengine wamejibu kwa alama ya kidole gumba pekee.

Mahudhurio nayo hayaridhishi. Mkutano mkuu ulihudhuriwa na wanachama 23, na siku ya kumwaga zege tulikuwa wanne, nikiwemo mimi niliyebeba ndoo pamoja na umri wangu huu. Siku ya kupiga picha mbele ya stendi zilizokamilika watu walijaa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza stendi za umbali mfupi, kuliangalia upya suala la paa, na pengine kupata mtambo wa kurushia sahani za udongo za kulengwa zikiwa hewani. Milingoti ya akiba imehifadhiwa kwa mlinzi, na anayehitaji kubadilisha aandike kwenye daftari kabla ya kuchukua.

Naomba taarifa hii ipokelewe na ijadiliwe, na kwamba wachangiaji watangulie kuonyesha stakabadhi zao za ada.

Mwenyekiti